Daftari la Wapangaji

Kwenye kabati la mashuka la chumba chetu cha upasuaji, nyuma ya makoti ya kijani yasiyovalika tena, kuna daftari moja la jalada gumu, jekundu. Watu wa kompyuta waliniambia nilitupe pamoja na mengine. Mengine nimeyatupa. Hili nimelificha, na atakayeligusa atanitambua mimi ni nani.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka ishirini na tisa nimesimama upande wa kulia wa meza ya upasuaji, nikipokeza vifaa, na kazi ya chumba chetu ni moja tu: kuzibua. Watu huja kwetu mkojo umewagomea, kwa sababu ya jiwe lililokwama, tezi iliyovimba au njia iliyosinyaa, nasi tunawafungulia. Wapo wanaoicheka kazi hii. Mtu aliyewahi kushinda kutwa akiutafuta mkojo asiupate hacheki.

Aliyenifundisha ni daktari tuliyemwita Mzee Tone, nyuma ya mgongo wake lakini. Mbele yake alikuwa Dokta, basi. Kila mgonjwa, awe tajiri au mfagiaji, alimuuliza swali lile lile kabla salamu hazijaisha: "Linatoka tone au unatoka mkondo?" Mgonjwa akiona haya, Mzee alimwambia, "Ndugu yangu, nimeshaona mikojo ya mji mzima. Wa kwako hauwezi kunishtua."

Nilipoanza, kuzibua kulikuwa kupasua. Jiwe dogo kama punje ya mahindi lilitufanya tumkate mtu kuanzia chini ya mbavu hadi karibu na kitovu. Alilala wodini wiki tatu, na akirudi nyumbani alitembea amejishika ubavu mwezi mzima. Na bado nayakumbuka mambo yale kwa mapenzi, msinicheke. Naikumbuka redio ndogo ya Mzee kwenye dirisha, iliyoshika stesheni moja tu, na hiyo moja nayo kwa kubembelezwa. Naikumbuka sauti ya vifaa vikichemka kwenye sufuria. Zaidi ya yote naukumbuka mkono wake, kwa maana hakuwa akisema anataka nini. Alinyoosha kiganja tu, nami nikaweka juu yake kitu anachokihitaji. Siku ya kwanza nilimpa mkasi badala ya koleo, akautazama kana kwamba nimempa kijiko cha uji. Mwaka wa pili sikukosea tena, na nilijiona malkia.

Kisha ikaja darubini. Ilifika ndani ya sanduku la mbao lililojaa maranda: bomba jembamba la chuma, na jingine laini linalojipinda, yote mawili yana taa na kijicho kwenye ncha. Unaingilia pale pale mkojo unapotokea, unapanda hadi kwenye kibofu, na ukiwa na mkono mwepesi unaendelea juu kwenye mrija mwembamba unaoshuka kutoka kwenye figo. Hakuna kisu. Jiwe unalivunja lilipo, unatoa vipande, na kesho yake mgonjwa anakwenda nyumbani kwa miguu yake.

Mzee alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Madaktari wa rika lake walisema wao wamezeeka na visu vyao, waachwe. Yeye alinituma sokoni ninunue kapu la pilipili hoho.

Nilidhani za nyumbani kwake. Kumbe alizitoboa kila moja kitundu kimoja, akaingiza darubini, akaanza kuzing'oa mbegu mojamoja akitazama kwenye skrini, bila kuchubua nyama ya ndani. Tulikaa hivyo miezi minne, kila siku baada ya kazi, mimi na yeye na pilipili. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na sote tulimwita Mwalimu, hata mumewe. Alikuja siku moja kumchukua, akatukuta tumeinamisha vichwa kwenye kapu. "Wenzenu wanazikaanga," alisema, "ninyi mnazilaza hospitali?" Mzee alicheka hadi akachubua aliyoishika. Pilipili iliyochubuka aliitupa bila maneno mengi na kuanza nyingine.

Walipokuja wanafunzi, nao aliwapitisha kwenye pilipili. Na mwanafunzi akijisahau, akavuta kitu kwa nguvu ndani ya mgonjwa, Mzee aliita kutoka pembeni, "Pilipili!" Mkono ule ulisimama hapo hapo. Aliyewapita wote alikuwa binti mmoja anayetumia mkono wa kushoto. Tulimwita Mashoto, na ndivyo tunavyomwita hadi leo, ingawa sasa ni daktari mkuu wa idara na ana mvi kunizidi.

Sasa niwaeleze kuhusu wapangaji.

Jiwe likishavunjwa, mrija wa figo huvimba kwa hasira, na ukivimba unaweza kuziba upya. Kwa hiyo tunaacha humo ndani kimrija chembamba cha plastiki, kuanzia kwenye figo hadi kwenye kibofu, kimejikunja ncha zote mbili kama mkia wa kinyonga ili kisiteleze. Kinakaa wiki tatu hivi, kisha tunakitoa kwa darubini, kazi ya dakika tano. Tulikiita mpangaji, maana kinakaa kwa muda na lazima kihame. Ubaya wa mpangaji huyu ni kwamba hana fujo. Mgonjwa anapata nafuu, anarudi kwenye shughuli zake, anasahau. Mkojo wenyewe hausahau. Unakipaka chokaa mwezi baada ya mwezi, hadi kimrija chenyewe kinageuka jiwe. Dereva mmoja wa lori alikaa na cha kwake miaka mitatu. Alipoletwa, figo ile ilikuwa mfuko wa usaha, tukaitoa.

Siku hiyo Mzee alitoka na koti lake la kijani hivyo hivyo, akavuka barabara hadi duka la vitabu, akarudi na daftari jekundu. Alipiga mistari mwenyewe kwa rula ya Mwalimu. Jina. Siku ya kuwekwa. Siku ya kutolewa. Simu. Na safu ya mwisho aliiandika kwa herufi kubwa: MKUMBUSHAJI.

"Hatoki mtu wodini kabla hajamtaja mtu wa kumkumbusha," alisema. "Mtu akishapona hajikumbuki."

Basi watu wakawa wanataja. Mke, mjomba, shemeji, jirani wa ukuta mmoja. Bwana mmoja aliandikisha kinyozi wake, akasema huyo ndiye anayemwona kuliko ndugu zake wote. Kalamu ikawa yangu. Kila Jumatatu asubuhi nilikaa kwenye benchi karibu na simu ya wodi, nikapiga, nikabembeleza, nikagombeza, nikapiga tena. Mume wangu alizoea kusema nina waume wawili, yeye na daftari, na kwamba anajua ni nani mume mdogo hapo. Kwa miaka kumi na minne hakupotea mpangaji hata mmoja. Nilijisifu kwa hilo mbele za watu, tena kwa sauti.

Kosa nililifanya mwezi wa mwisho wa Mzee kazini. Alikuwa ameshaongezewa mkataba mara mbili, na safari hii alikataa wa tatu. Tulikuwa tunazunguka wodini, akasimama katikati ya sentensi, akashika chuma cha kitanda cha mgonjwa, jasho likamtoka. Mgonjwa ndiye aliyemuuliza daktari kama anajisikia vizuri. Picha zilionyesha jiwe kwenye mrija wa kushoto, na Mzee akazitazama picha zake mwenyewe akasema, "Huyu bwana hanywi maji."

Alimtaka Mashoto. Alichomwa ganzi ya mgongo tu, kwa hiyo alikuwa macho muda wote, amegeuzia shingo skrini, akifundisha. "Panda kidogo. Kidogo, mwanangu. Umeliona? Zuri hilo." Utadhani analisifu jiwe la mtu mwingine. Mashoto alilivunja kwa mwanga wa leza, akatoa vipande, akaacha mpangaji wa wiki tatu.

Siku ile tulikuwa tumewafanyia wagonjwa wanne. Jioni nilifungua daftari. Nikamwandika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa wa nne kalamu ikasimama. Nimwandike Mzee kwenye daftari lake mwenyewe? Nimwendee kitandani nimuulize, "Dokta, nani atakukumbusha?" Niliona ni kumvunjia heshima, sawa na kumuuliza mwalimu mkuu kama anajua kusoma. Mwalimu alikuwa kwenye varanda, kashika sweta la mumewe. Nikamtajia siku ya kurudi.

"Usihangaike, Sista," aliniambia. "Miaka arobaini namkumbusha funguo, miwani na siku za kuzaliwa za watoto wake mwenyewe. Kimrija kitanishinda?"

Tukacheka. Nikafunga daftari nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya kumi na sita baada ya pale, Mwalimu alianguka jikoni kwake na sufuria mkononi, hakuamka. Tulienda kuzika sote, chumba kizima cha upasuaji. Mashoto alimshika Mzee mkono mmoja, mimi mwingine, akatembea katikati yetu kama mtu anayevushwa mto. Siku ya mpangaji kuhama ilikuwa wiki ile ile. Tulimshika mikono, tukamlisha, tukamfulia, na hakuna aliyewaza juu ya kimrija kile. Sherehe ya kumuaga ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha ikaacha kutajwa. Tulikuwa tukimtembelea kila wiki, baadaye kila mwezi. Halafu, nisijikoshe, tukaacha. Wanawe walikuwa mbali, wanapiga simu sikukuu.

Ukapita mwaka mmoja na miezi minane.

Ndipo ikaja kompyuta, na msichana wa kuijaza. Tulikaa naye siku tatu, mimi nasoma daftari, yeye anachapa na kulinganisha na kitabu cha upasuaji. Siku ya tatu akasimamisha vidole.

"Sista, hapa pana hitilafu. Siku hii kitabu cha upasuaji kina watu wanne wenye kimrija, daftari lako lina watatu."

"Haiwezekani," nikamwambia, na nilimwambia kwa kiburi. "Hebu msome huyo wa nne."

Akasoma. Lilikuwa jina refu, la mtu na baba yake na babu yake, na niseme kweli, mwanzoni sikulijua. Sikuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Nilimwomba alirudie, na aliporudia nikajua ni Mzee.

Sikungoja zamu iishe. Nilivua kofia, nikatoka na viatu vya thieta miguuni, nikaenda kwa miguu hadi kwake. Geti lilikuwa wazi. Ndani kila kitu kilikuwa pale pale: chupa ya mawe aliyowatoa wagonjwa, kila jiwe na karatasi yake ya tarehe, rula ya Mwalimu kwenye rafu, na boksi lake la chaki. Kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Simu ya mezani ilikuwa imeondolewa ukumbini, ikawekwa kwenye kigoda karibu na kiti chake, waya umevutwa juu ya zulia. Yeye alikuwa amekonda, amekaa ameegemea upande wa kulia.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Sista. Leo umeikumbuka njia."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi barabarani. Yote yalinipotea likabaki moja, na sikujua kwamba nitalisema hadi nilipolisikia.

"Dokta, linatoka tone au unatoka mkondo?"

Alianza kucheka, kisha uso ukamshuka.

"Tone," alisema. "Na lina damu."

"Mpangaji bado yumo."

"Yumo."

"Unajua?"

"Najua."

Nilikaa bila kukaribishwa. Akaniambia taratibu, akitazama chupa ya mawe. Miezi ya kwanza baada ya msiba hakujua hata ni siku gani ya wiki. Mwezi wa tano tangu mazishi alikuwa anatafuta miwani, akaita kwa sauti, "Mwalimu, miwani yangu iko wapi?" Akasimama katikati ya chumba akingoja ajibiwe, na pale pale, amesimama, akakumbuka na kimrija.

"Mwezi wa tano!" nikasema. "Na hukuja?"

"Nilingoja mpige. Nikasema daftari lipo, Sista yupo, na Sista anapiga Jumatatu. Nikaisogeza simu hapa." Aligusa kigoda. "Jumatatu ya kwanza nikasema wana kazi nyingi. Ya pili hivyo hivyo. Baadaye nikasema basi, mtu akishatoka ametoka."

"Si ungepiga wewe!"

"Nimpigie nani, nimwambie nini? Mimi niliyewafokea madereva wa malori, niseme nimesahau?"

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mzee wa watu. Daktari wa miaka yote ile anakaa na jiwe linakua ndani yake, anangoja simu! Nilitaka kumwambia mengi. Lakini lililokuwa likinichoma lilikuwa langu, si lake.

"Dokta, hukuwamo kwenye daftari. Sikukuandika. Niliona haya kukuandika."

Alinigeukia.

"Kumbe hukunifuta," alisema.

"Sikukufuta. Ila sikukuandika."

Nililia, sifichi. Yeye hakulia. Alinyoosha kiganja, kama zamani, na mimi nikaweka juu yake kitu pekee nilichokuwa nacho, mkono wangu, nikamnyanyua kitini.

Hospitali tukampiga picha. Kimrija kilikuwa kimevaa chokaa juu hadi chini. Mkunjo wa chini, kwenye kibofu, ulikuwa donge. Mkunjo wa juu, ndani ya figo, ulikuwa donge kubwa zaidi. Figo yenyewe ilikuwa imevimba, inafanya kazi kwa kuchechemea. Na ile ya kulia, Mashoto akatueleza, ilikuwa imeshasinyaa siku nyingi kwa sababu ya presha.

"Hii ya kushoto ndiyo inayomweka," alisema. "Mrija ukichanika wakati wa kukitoa kimrija, figo imekwenda. Na ikienda hii, atafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu maisha yake yote. Nyumbani hana mtu. Mnajua maana yake."

Tulijua. Angefifia ndani ya mwaka. Mmoja wa madaktari akapendekeza tumpasue kwa njia ya zamani. Mashoto alikataa: kwa umri ule na presha ile, huenda asiinuke mezani. Aliamua kwenda kwa darubini, na akaniomba nisimame naye mimi, si muuguzi mwingine.

Asubuhi ile Mzee alilazwa kwa nusukaputi. Kabla macho hayajafumba aliangalia dirishani, pale redio ilipokuwa ikikaa, akasema, "Chumba hiki kimekuwa kimya sana."

Mashoto aliingilia chini. Kwenye kibofu donge lilionekana kwenye skrini, jeupe, lina miiba. Alilipiga leza saa nzima, likamomonyoka, mkunjo wa chini ukawa huru. Akapanda kwenye mrija pembeni ya kimrija, akisafisha kidogo kidogo, maji yakipita, vumbi la chokaa likielea. Saa ya pili ikaisha. Mtu wa nusukaputi akakohoa kwa maana, presha ilikuwa inapanda na kushuka. Mashoto akashika ncha ya chini kwa kikoleo, akavuta. Kimrija kikaja upana wa kidole kimoja. Kikagoma. Nikaona jasho kwenye kipaji chake. Nikaona mkono wa kushoto unakaza tena.

Muuguzi hamwamrishi daktari mkuu. Hilo najua, nimewafundisha wengine. Mbele ya wanafunzi sita waliopanga mstari ukutani, tena katikati ya upasuaji, ni jambo la kuitiwa kikao. Heshima ile ile iliyonisimamisha kalamu ilitaka kunifunga mdomo kwa mara ya pili juu ya mtu yule yule.

"Pilipili!" nikasema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Wanafunzi waligeuka. Mashoto hakugeuka, lakini mkono ulisimama hapo hapo, kama ulivyosimama miaka kumi na tano iliyopita. Akaachia kikoleo, akavuta pumzi mbili.

"Mgeuzeni," alisema. "Tunaingilia mgongoni."

Tulimlaza kifudifudi. Mashoto alitoboa tundu lisilozidi kifungo cha shati, akaingiza darubini moja kwa moja ndani ya figo, na hapo ndipo tulipoliona donge la juu, kubwa kama yai la njiwa, limekibana kimrija na limeshika ukuta wa figo. Angevuta mara moja zaidi, mrija wote ungemfuata mkononi. Alilivunja kwa saa moja na nusu, punje kwa punje, kama mbegu za pilipili. Mwisho akanyoosha kiganja cha kushoto pembeni, bila kutamka kitu, na mimi nikampa kikoleo kirefu kabla hajafikiri anakihitaji. Kimrija kikatoka kizima, kigumu kama kijiti, hakikuacha kipande.

Aliweka kipya. Kwenye mfuko wa plastiki mkojo ukaanza kushuka, mwekundu kwanza, baadaye rangi ya chai, na alipofikishwa wodini mchana ulikuwa manjano safi. Nilichuchumaa nikautazama. Haukuwa tone, ulikuwa mkondo. Baada ya siku mbili vipimo vya damu vilianza kurudi mahali pake, na Mashoto akaniambia figo imechoka lakini ipo, itamtosha.

Siku ya kumruhusu, msichana wa kompyuta alikuwa ameshamwingiza kwenye mashine yake. Nilimshukuru, nikaenda kwenye kabati la mashuka, nikatoa daftari jekundu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umebakiwa na mstari mmoja. Nilivuta kiti karibu na kitanda.

"Hiyo kompyuta yenu," Mzee aliuliza, "ina safu ya mkumbushaji?"

"Haina, Dokta. Inatuma ujumbe yenyewe."

Akakunja uso kama mtu aliyeonja dawa.

Nilimuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu. Jina lako kamili. Akalitaja lote, na la babu yake, nami nikaliandika herufi kwa herufi. Siku ya kuwekwa. Siku ya kutolewa, Jumatatu, wiki tatu kutoka pale. Simu.

"Mkumbushaji?"

Alifungua mdomo haraka, na nililiona jina la Mwalimu linakuja. Midomo ikabaki wazi. Kisha akaifunga, akageukia dirisha.

"Sina, Sista."

Niliandika, nikamgeuzia daftari. Alitafuta miwani, ilikuwa juu ya kichwa chake, nikaishusha. Alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa jina langu.

"Umekosea," alisema. "Hapa kila mtu anaandika na uhusiano. Huyu mke, huyu shemeji, huyu kinyozi. Mkumbushaji wangu ni nani yangu?"

Nikalichukua daftari, nikaongeza neno moja pembeni: ndugu. Alilitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia wino wangu umekuwa hafifu, ninunue kalamu nzuri.

Jumatatu ile nilifika wodini kabla ya wenzangu. Simu ya wodi siku hizi haina mtu, kila mmoja ana yake mfukoni, lakini niliikalia kwenye benchi lile lile. Saa moja kamili nikazungusha namba. Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Nani mwenzangu?" aliuliza, na alijua fika ni nani.

"Ni mkumbushaji wako, Dokta. Leo mpangaji anahama."

Nikasikia miguu yake inasogea kwenye zulia.

"Nimeshavaa viatu," alisema. "Nilikuwa nangoja upige."